Katambuga ya Mahugi

Mbweha walipomaliza vitoto vya mbuzi wake, Sikudhani aliutoa mtego wa chuma wa marehemu mumewe, akaupeleka kwenye pori la wawindaji. Alisugua mikono kwa mavi ya mbuzi ili kuficha harufu ya mtu, akaufukia wanakopita mbweha.

Shemeji yake, Mahugi, alimfuata akiwa amevaa katambuga zake za tairi, zilizoshonwa kwa waya wa buluu.

"Mwanamke hategi pori hili. Nitaung'oa."

"Sogea, shemeji. Unaacha harufu."

Asubuhi Sikudhani aliukuta mtego umefyatuka. Haukuwa na mbweha. Ulikuwa umebana katambuga yenye waya wa buluu.

Sikudhani aliitundika kwenye mti wa miiba, kando ya njia ya sokoni. Kisha akachota mavi ya mbuzi, akaanza kusugua mikono upya.