Doti Mbili za Kanga Moja

Mzee Shekue alikuwa akiwanunulia wake zake wawili kanga za aina moja, pasiwe na wa kununa. Asubuhi hiyo Mwanakheri, mke mkubwa, alijifunga yake, akajifukiza udi kama afanyavyo mke mwenzake, Zulekha, kisha akampelekea mume chai.

"Ahsante, Zulekha," alisema mzee.

Mwanakheri alilitua birika kwa kishindo. Aliyezaa naye watoto watano ndiye leo anaitwa kwa jina la mdogo, tena macho kwa macho.

Siku hiyo mzee alikuwa na kliniki ya sukari, na njia nzima ya hospitali Mwanakheri hakumsemesha. Hata daktari alipommulika mzee jichoni, yeye aliangalia ukuta.

"Sukari imeharibu mishipa ya macho, inavuja damu," alisema daktari. "Mishipa ikiwa hivi machoni, na moyo uko hatarini. Upimwe moyo na presha leo hii. Huoni vizuri tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo," mzee alijibu kwa sauti ndogo. "Naona vivuli tu. Wake zangu nawatambua kwa udi. Zulekha hujifukiza. Mwanakheri hapendi."

Mwanakheri aliishika kanga yake, akaikunjakunja ncha.

Mlango ukafunguliwa. Zulekha aliingia akihema, kanga ileile, udi uleule, akasimama ubavuni mwa Mwanakheri.

Mzee aliinua mkono. "Njoo unishike, tukapime huo moyo," alisema, kisha akasita.

Wanawake wote wawili walingoja ataita jina gani.