Gauni la Idi

Balo la mitumba lilipofunguliwa, Mwanakheri alidaka mkono wa gauni la kitoto lenye nembo yake halisi, la kumvalisha bintiye siku ya Idi. Kuinua macho, mkono wa pili umeshikwa na Zaituni, jirani aliyenuniana naye tangu harusi ya juzi.

"Achia, mwenzangu. Nimelishika mwanzo."

"Umelishika kwa mdomo, kama kawaida yako."

"Vuteni tu," muuzaji akasema, "likichanika mtagawana matambara."

Akataja bei. Vidole vikawalegea wote wawili, lakini hakuna aliyeachia. Zaituni akaguna, akacheka, kisha kila mmoja akatoa nusu.

Adhuhuri ya Idi, uani kwa Mwanakheri, bintiye alikuwa akivuliwa gauni, na wa Zaituni kasimama na shumizi, mikono keshainyoosha juu.