Hodi ya Tatu

Kabla ya kuvaa ile miwani kubwa ya kuingilia pichani, Bi. Mwanakheri alivua viatu, akavipanga ukutani kwa adabu zote. Foleni ilicheka. Ukumbini hapo watu walikuja kutembea ndani ya picha za majumba ya kale ya mji, na ieleweke kwamba hakuna aliyewahi kuivulia picha viatu.

"Bonyeza duara la kijani, bibi, mlango utafunguka," alisema Shukria, binti msimamizi, alipokwisha kumvisha miwani.

"Niingie bila kukaribishwa?"

"Humo hamna mtu. Ni picha tu."

"Kaka yangu yumo. Yuko juu dirishani, na fulana yake iliyotoboka."

Ni kweli alikuwemo. Mpiga picha alimnasa wiki moja kabla jumba halijamwangukia. Miaka minne kabla ya picha hiyo, kaka alikuwa amemfukuza dadaye mlangoni hapohapo, akamwambia asikanyage tena mpaka amwite mwenyewe.

"Hodi," alisema Bi. Mwanakheri, akigonga hewa.

"Leo hatununui kitu," mtu mmoja kwenye foleni alijibu kwa sauti nzito. Wakacheka tena.

"Hodi, Sefu. Ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Bonyeza, bibi, betri inakwisha," Shukria alinong'ona.

Bi. Mwanakheri alitikisa kichwa. Hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni hurudi kwao. Alisimama peku, mkono juu, akiizuia ile ya tatu mdomoni. Nyuma yake, yule wa mzaha alikuwa ameinama, akifungua kamba za viatu vyake.