Kigugumizi cha Mama

Bi Saumu wa jirani aliapa kwamba marehemu mumewe alirudishwa na watafiti akiwa hakohoi tena. Siku hizi sauti za marehemu wote hupelekwa kwao, programu ya takwimu huzichambua na kufuta kila kilicho mbali na wastani, kisha hurejeshwa nyumbani kuzungumza redioni.

“Mwenzangu, hata matusi kaacha!” alicheka, machozi yakimlengalenga.

Leo ilikuwa zamu ya Chausiku kurejeshewa sauti ya mama yake. Enzi za uhai wake, mama huyo alikuwa na kigugumizi. Jina la mwanawe alilitamka polepole, kama anayelionja kwanza.

“Chausiku, umekula?” redio iliuliza, maneno yakiteleza bila kukwama.

Chausiku akauweka mwiko chini. “Mama, niite kama zamani.”

Akasogeza sikio, akangoja.