Makofi ya Nyamvula

Kipyenga kilipolia, wachezaji wote walisimamisha viatu vyao vya magurudumu, wakapiga goti. Ndiyo desturi yao: mwenzao akianguka wanapiga goti, akiinuka wanampigia makofi.

Aliyeanguka alikuwa Nyamvula, aliyeandaa mechi na kubandika kwa mkono wake utepe wa kuonyesha njia ya mbio sakafuni. Kibibi, wa timu pinzani, ndiye aliyekuwa amemkumba kwa bega, kama mchezo huo wa kukumbana mbioni unavyoruhusu.

“Inuka basi, shoga yangu,” alinong’ona Kibibi.

Muuguzi aliinama, akasikiliza kifua cha Nyamvula, kisha akamfumba macho. Akatolewa kwa machela, magurudumu ya viatu vyake yakizunguka kwa kila hatua ya wabebaji.

“Inukeni, wanangu,” mwamuzi alisema. “Mechi imekwisha.”

“Hatujampigia makofi,” alijibu Kibibi.

Akabaki na goti chini, viganja vimetazamana, havigusani.