Kichwa kwa Kichwa

Jumanne ile, siku ya soko, askari wa Uganda mpakani Mpondwe hawakutazama nyuso za watu wala mizigo yao. Walitazama suruali. Mwanamume yeyote aliyelowa mpaka magotini alivutwa pembeni, akaketishwa chini, akahesabiwa. Jua lilipoanza kuwaka walikuwa wametimia kumi na wawili, na kazi ikaishia hapo.

Akili hiyo walipewa na Vasta, mkulima wa kahawa wa Kyondo aliyeolewa Bwera.

Mume wake Asanasio alikuwa mchimba mchanga katika Mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka wa Uganda na Kongo. Mafuriko yalipouhamisha mto, mchanga mzuri ukabaki ng'ambo ya maji. Huku wakasema mpaka ni pale mto ulipokuwa. Kule wakasema mpaka ni pale mto ulipo. Wakubwa wakaandikiana barua. Wadogo wakaendelea kuchimba, maana barua haipikwi ikaliwa. Ndipo asubuhi moja askari wa Kongo walipowazunguka wachimbaji kumi na wawili, Asanasio akiwamo, wakaenda nao.

Wiki tatu Vasta alihangaika. Kwa mwenyekiti, kwa mchungaji, mpaka Kasese mjini, kwenye ofisi yenye feni, akaambiwa hilo ni jambo la nchi na nchi, arudi nyumbani asubiri. Mtu akiibiwa mbuzi ana pa kushtaki. Yeye ameibiwa mume, na hapakuwa na mlango wa kubisha. Usiku alilia, mchana alipalilia, na yote mawili hayakumrudishia mtu.

Mwisho akaenda kambini kwa Afande Adong, kapteni mwanamke kutoka kaskazini, asiyependa maneno mengi.

"Mama, sikia," alisema Adong. "Kijiji iko na chairman. Nchi na nchi haina chairman. Barua yetu hao wanafungia sukari. Wanaogopa nguvu, basi. Wameshika watu yetu, na sisi tushike yao. Kichwa kwa kichwa."

Vasta aliogopa. Kisha akaona ni kweli, dawa ya moto ni moto.

"Shida ni moja," Adong akaendelea. "Nitawajua namna gani? Nyinyi na wao, sura moja, lugha moja, mpaka majina ni moja."

Hakukosea. Wakonzo wa Bwera na Wanande wa ng'ambo ni ndugu, wanaoana na kuzikana, na siku ya soko nusu ya Kasindi, mji wa ng'ambo, huvuka huku vitambulisho vikiwa vimebaki nyumbani. Vasta alifikiri kidogo.

"Tazama suruali, afande," alisema. "Tangu wale washikwe, hakuna mutu wa kwetu anaingia ndani ya muto. Wanaogopa. Wa ng'ambo ndio wanapita kwa maji, wanakimbia ushuru ya daraja. Ukiona mwanaume amelowa mupaka magoti, huyo ni wao."

Adong akacheka kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ungekuwa jenerali."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatano Vasta akapeleka kambini bundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, kuwa shukrani yake. Askari walikula wakilamba vidole. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, hata kuongea ilibidi kupaza sauti. Nyuma yao, katika stoo ya mabati walimofungiwa wale kumi na wawili, mtu alikuwa akigonga.

"Huyo ana nini?" Vasta aliuliza kwa sauti ya juu.

Kugonga kukazidi.

"Ati ni mutu wa Uganda," akajibu Koplo Shafic, mdomo umejaa. "Jana wote kumi na mbili walikuwa watu wa Uganda. Mutu ukimushika, anabadilisha nchi."

Vasta aliona huruma. Huyo naye ana mke mahali fulani, anatembea mlango kwa mlango kama yeye alivyotembea. Lakini mnyonge hana haki, na Vasta alikuwa amechoka kuwa mnyonge.

"Mumupe na yeye kidogo," alisema, akaacha tonge kwenye sahani. Akakusanya vyombo vyake akaondoka haraka. Yule mtu alikuwa bado anagonga alipofika barabarani.

Ijumaa asubuhi nchi mbili zikakutana darajani. Vasta alivaa gomesi lake la kanisani, na kwapani alikuwa na shati safi la Asanasio. Wanawake walizuiwa nyuma ya kamba. Lori la kambi lililobeba wale kumi na wawili, limefunikwa turubai, likapita mbele yao polepole likavuka. Kule ng'ambo afisa wa Kongo akahesabu vichwa, akapiga saluti. Kisha wanaume wa Bwera wakaanza kuja kwa miguu, mmoja mmoja, wamekonda, wanacheka na kulia.

Wanawake wakaruka kamba. Vasta akatazama kila uso. Wa tano. Wa tisa. Wa kumi na moja alikuwa Bright, rafiki wa mume wake, na nyuma ya Bright hapakuwa na mtu.

Akamkamata mkono. "Asanasio iko wapi? Wamemuua?"

Bright akamshangaa. "Kwani hakufika? Alitoroka Jumanne asubuhi. Walimukimbiza mupaka kwa muto, akaingia ndani ya maji pamoja na watu wa soko, anakuja nyumbani."

Vasta akageuka kutazama daraja. Lori lilikuwa linarudi, turubai limekunjwa, ndani hamna mtu.