Viwavi wa Jirani

"Kiwavi wa kuigusa kabichi yangu bado hajazaliwa!" kijana aliutangazia mtaa mzima, bomba la kunyunyizia likiwa mgongoni. Mtaa ukambandika jina: Daktari.

Dawa aliipika mwenyewe: vitunguu saumu, pilipili kali, majani ya mwarobaini, na sabuni kidogo ili ishike kwenye majani. Harufu yake ingemfukuza hata mgeni aliyekuja kula. Jioni alinyunyiza, asubuhi mama yake alimwamsha, upindo wa gauni umeloa umande.

"Amka ukaone, mwanangu. Hakuna hata tundu."

Ng'ambo ya uzio, kabichi za jirani yao, mama mmoja mshonaji, zilikuwa chujio. Daktari hakumwonea huruma.

"Jirani, nikuuzie chupa moja? Au viwavi unawafuga?"

Mshonaji alicheka tu, akarudi kwenye cherehani yake.

Kisha mama yake Daktari akafa.

Kijana hakulia. Alipokea mikono ya watu, akakunja viti vya kukodi, akavirudisha. Baba mdogo aliposema kiwanja kiuzwe, alimjibu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Dawa ni yangu, baba mdogo. Nipe msimu mmoja. Kabichi zikiharibika, uza."

Akapika, akanyunyiza. Akaongeza pilipili mpaka vidole vikavimba, wala hakuhisi kitu. Viwavi wakala majani ya nje, wakaingia ndani, wakala na moyo. Akanyunyiza tena. Ng'ambo ya uzio, kabichi za mshonaji zikawa zinanenepa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Siku baba mdogo alipomleta mnunuzi, hakukuwa na cha kutetea. Mnunuzi akaanza kupima kiwanja kwa hatua, anakanyaga mashina. Daktari alimtazama, kisha akatazama ng'ambo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, sauti yake ikapanda.

"Ni huyu! Anaokota viwavi wake, anawatupa kwangu! Mnadhani kabichi zake zimeponaje?"

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji akaja mpaka kwenye uzio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Umemwona mtu akitupa viwavi hapa?"

"Sijaona. Lakini najua."

"Mimi nimeona," alisema. "Kila alfajiri, wewe umelala. Alikuwa anawaokota mmoja mmoja kwa mkono, kwenye kabichi zako. Kuwaponda aliona kinyaa, basi akawa anawamwaga kwangu. Nilipomfuma alishtuka, nusura aanguke."

"Nani huyo?" baba mdogo akauliza.

 Mshonaji alikuwa anamtazama kijana.

"Akaniambia, 'Nivumilie, shoga yangu. Mwanangu anaipenda sana hiyo dawa yake.'"